Nikajitolee kujenga, au nitume hela?

"Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni mama wa miaka 41, mhasibu hapa Dar es Salaam. Kikundi chetu cha kanisani tupo 22, tumekubaliana kwenda kijiji kimoja wilayani Mvomero, Morogoro, kuwajengea nyumba ndogo wajane wawili wanaolea wajukuu. Kila mmoja anachanga Sh 350,000 ya nauli, chakula na malazi; vifaa vina bajeti yake. Ratiba ni siku kumi: tatu za kwanza tunafyatua tofali, sita tunajenga, ya kumi tunakabidhi. Mwaka jana nilijitolea siku moja kwenye ujenzi wa zahanati. Fundi akanifokea mbele za watu kwa sababu niliongeza maji kwenye zege lililokuwa gumu kuchota. Kesho yake nikaamka na vidonda vyeusi magotini na kwenye vidole, vikawasha wiki mbili. Mgongo nao hunisumbua. Mume wangu anasema saidia fundi kule analipwa Sh 15,000 kwa siku, kwa hiyo heri nitume hela, nibaki nyumbani. Je, mtu asiyejua hata kushika mwiko ana faida gani pale, au naenda kuwa mzigo?"

Dada yangu, umeuliza kama una faida, kama utaumia tena, na kama mume wako amesema kweli. Nitayajibu yote matatu. Lakini kilichonifanya nisome barua yako mara mbili ni kitu ambacho hukukiuliza, nacho ni ile ratiba ya siku kumi. Ngoja tuanze na zege lako la mwaka jana, kwa sababu ukilielewa hilo, la ratiba utaliona mwenyewe.

Kwanza pole kwa kufokewa. Yule fundi alikuwa na haki ya kukuzuia, hakuwa na haki ya kukuaibisha. Angekueleza kwa dakika mbili, leo usingekuwa na hofu hii.

Watu wengi wanaamini kwamba saruji inakuwa ngumu kwa kukauka, kama udongo wa kukandika unavyokauka juani. Sivyo. Saruji haikauki, inakomaa. Chembe zake zikikutana na maji zinabadilika kabisa, zinaota vijinyuzi vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijinyuzi hivyo vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, tena vinashika mchanga na kokoto mpaka vyote vinakuwa jiwe moja. Kazi hiyo inafanywa na maji. Ndiyo maana zege la nguzo za daraja linaweza kumwagwa chini ya maji na likashika vizuri. Lingekuwa linangoja kukauka, madaraja yasingesimama.

Sasa, saruji ina kiasi chake cha maji. Kwa zege la kawaida la msingi au la linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa ya lita 20 na robo ya nyingine, na hapo unahesabu pia unyevu uliomo tayari kwenye mchanga. Ukizidisha, zege linalainika, linachoteka kwa raha, na mgeni wa kazi anadhani amesaidia. Lakini yale maji ya ziada hayana pa kwenda. Yanakaa katikati ya zege, na baada ya siku kadhaa yanatoka kwa mvuke yakiacha vitundu vidogo vidogo mahali yalipokuwa. Kwa nje utaona zege zuri, limenyooka, hata linang'aa. Kwa ndani ni kama andazi. Na likiwa ni zege la linta juu ya mlango, ndilo litakalobeba ukuta na paa juu ya vichwa vya wale wajukuu kwa miaka 40.

Kuna jambo la pili ambalo huenda lilichangia. Zege gumu kuchota mara nyingi ni zege lililokaa. Saruji ikishaguswa na maji, saa inaanza kuhesabu. Ndani ya saa moja na nusu hivi, hasa kwenye jua la Morogoro, vile vijinyuzi nilivyokuambia vimeshaanza kushikana. Ukimwaga maji na kukoroga upya unavikata vikiwa vichanga, navyo haviungani tena kwa nguvu ileile. Kwa hiyo ukiona limekuwa gumu, usiliongeze kitu. Mwite fundi aamue. Mkichanganya kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho mafundi watakimaliza ndani ya saa moja, tatizo hilo halitawafikia kabisa.

Hapo ndipo tunafika kwenye ratiba yenu.

Kama saruji inakomaa kwa maji, basi inahitaji kuachiwa maji hayo mpaka imalize kazi yake. Zege likitunzwa vizuri, siku ya saba linakuwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu zake, na nguvu kamili tunaihesabu siku ya 28. "Likitunzwa" maana yake likimwagiliwa asubuhi, mchana na jioni, lifunikwe kwa magunia au nailoni, lisiachwe likaungua juani. Tofali ndilo linaloteseka zaidi, kwa sababu linafyatuliwa kwa maji machache sana ili lisimame likitoka kwenye fomu. Likianikwa juani bila kumwagiliwa, yale maji machache yanakimbia usiku na mchana mmoja tu, saruji inabaki na njaa, na kinachobaki ni mchanga ulioshikana kidogo. Ukilikwaruza kwa msumari, linamomonyoka.

Nyinyi mmepanga kufyatua siku ya kwanza hadi ya tatu, na siku ya nne tofali linapanda ukutani. Tofali la siku tatu ni bichi, na tofali bichi bado linasinyaa. Likisinyaa likiwa chini ya mwembe, limepangwa peke yake, halimdhuru mtu. Likisinyaa likiwa limefungwa ukutani kwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, na wenzake wote pembeni wanasinyaa pia, ukuta lazima upasuke mahali. Utaona ufa unaanza kwenye pembe ya dirisha na kushuka kama ngazi, kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa tofali baada ya mwingine.

Niliwahi kuitwa kukagua nyumba tatu za namna hii. Kikundi cha watu wema kilikuja, kikafyatua, kikajenga, kikapiga picha za kukabidhi, kikaondoka, vyote ndani ya wiki mbili. Mvua mbili baadaye kuta zilikuwa na nyufa unazoweza kuingiza kidole cha mtoto. Bibi mwenye nyumba mojawapo alikuwa ameziba kwa udongo wa kichuguu, akaniambia kwa sauti ya chini nisiwaambie wageni wake, wasije wakajisikia vibaya. Nimeikumbuka sauti ile tangu nilipofungua barua yako. Watu hao hawakuwa wavivu wala wezi. Walikosa mtu mmoja wa kuwaambia kwamba saruji haijali nia njema wala tarehe ya basi la kurudi.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu kwako na kwa mume wako kwa pamoja: hela itangulie, mikono ifuate.

Hesabu ya mume wako ni sahihi. Sh 350,000 ukigawa kwa 15,000 unapata siku 23 za saidia fundi. Wewe ungefanya kazi siku tisa, tena kwa nguvu ya mtu asiyezoea. Kama tunapima jasho peke yake, ametushinda, na ni heshima kukubali. Ila na yeye amefikiri kwamba lazima uchague kimoja, na hapo ndipo ningemwomba tukae tupige hesabu upya kwa kikundi kizima.

Nyumba ndogo ya vyumba viwili ina nafasi ya mafundi waashi wawili, labda watatu, bila kugongana. Fundi mmoja anahudumiwa vizuri na saidia fundi wawili: mmoja wa mota, mwingine wa tofali. Nyumba mbili kwa hiyo zinataka watu wa kujitolea kumi hivi, wakiwa pamoja na mafundi watano wa kulipwa. Nyinyi mko 22. Hao wengine 12 watasimama, watapiga soga, watakula, na mmoja wao atavunja mguu kwa kuzurura mahali asipohitajika. Waende kumi. Wale 12 wanaobaki, michango yao ni Sh 4,200,000, na kwa malipo yaleyale aliyoyataja mume wako hizo ni siku 280 za kazi kwa vijana wa kijiji hicho. Hela hiyo itumwe zaidi ya mwezi mmoja kabla. Ilipe vijana wafyatue tofali kwa utulivu, ilipe wa kumwagilia kila siku, ilipe wa kuchimba msingi. Mkifika mnakuta tofali lina siku 28, limekomaa, ukilipiga kwa mwiko linalia kama chungu kizima, na mikono yenu inaanza kazi iliyo tayari kupokewa. Wakati huohuo kijana wa pale hajanyang'anywa kibarua chake na wageni wa bure. Amelipwa kwanza, kisha mmekuja kufanya naye kazi.

Wazo la watu wa nje kujenga bega kwa bega na mwenye nyumba si geni kwetu. Upareni wana msaragambo, Kenya wana harambee, Rwanda wana umuganda. Hata lile shirika kubwa la Kimarekani la kujenga nyumba, Habitat for Humanity, ambalo rais wa zamani Jimmy Carter alilishikia nyundo kuanzia 1984, lina mzizi barani kwetu. Waanzilishi wake, Millard na Linda Fuller, walianza kulijaribu wazo lao kwenye shamba la Koinonia kule Georgia, kisha mwaka 1973 wakahamia Mbandaka, Zaire ya wakati ule, wakajenga nyumba za bei nafuu kwa miaka mitatu, na mwaka 1976, waliporudi kwao, wakaanzisha shirika. Kanuni yao ilikuwa kwamba nyumba isiuzwe kwa faida, mkopo usiwe na riba, na familia itakayokaa humo ifanye kazi kwa mikono yake pia. Ninakutajia hili kwa sababu kanuni hiyo ya tatu watu huisahau. Wale akina mama wawili wasikalishwe kivulini kama wageni wa heshima kwenye nyumba zao wenyewe. Waulizwe mlango uelekee wapi, jiko likae upande gani moshi usiingie ndani, na wapewe kazi wanayoiweza. Mtu anayejua kila kozi ya ukuta wake iliwekwaje atajua pia pa kuangalia paa likianza kuvuja.

Na kanuni ya kwanza uibebe moyoni popote utakapoitwa kujitolea. Ukikuta nyumba hizo zitauzwa na mtu atakayeweka faida mfukoni, hata kama zinaitwa za bei nafuu, hapo hakuna kujitolea. Hapo kuna vibarua wasiolipwa. Ondoka.

Sasa wewe mwenyewe. Unauliza mtu asiyejua kushika mwiko ana faida gani. Dada yangu, wewe ni mhasibu! Kwenye maeneo ya ujenzi niliyopita, vifaa vilivyopotea stoo vimeniumiza kichwa kuliko mafundi wasiojua kazi. Mfuko mmoja unatoka bila kuandikwa, nondo mbili zinakatwa vipande, mwisho wa wiki fundi anapunguza saruji kwenye mota ili vifaa vitoshe, na hatasema. Chukua daftari. Andika mifuko iliyoingia, iliyofunguliwa, na kila mchanganyiko ulitumia ndoo ngapi za mchanga. Hesabu kwa ndoo, usikubali kuhesabu kwa beleshi, kwa sababu beleshi la asubuhi na beleshi la saa tisa alasiri halilingani hata likiwa mkononi mwa mtu yuleyule. Mota ya kujengea ikiwa ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga, basi iwe tano kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi hiyo haihitaji mgongo. Inahitaji mtu asiyechoka kuhesabu, na asiyeogopa kusema "bado ndoo moja".

Kuna kazi nyingine mbili ninazopenda kumpa mtu kama wewe. Ya kwanza ni kupima mchanga. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza mchanga hadi katikati, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache saa chache. Mchanga utakaa chini, na juu yake utaona utando wa udongo laini. Ukiona udongo huo umefika moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mwonyeshe fundi. Mchanga huo ni mchafu na saruji haitaushika vizuri. Ya pili ni maji. Uwe mkuu wa maji: ya kuchanganyia, yaliyopimwa, na ya kumwagilia, yasiyokatika. Usiione kazi hiyo ni ya watoto. Mwashi bingwa akijenga ukuta ulionyooka kama kamba, na mtu wa maji akasahau siku tatu, ukuta huo ni dhaifu.

Kunyoosha ukuta kwa timazi na pimamaji, kusuka nondo, kupiga kenchi za paa na kuezeka, hizo waachieni mafundi. Zina makosa yasiyorekebishika. Msiombe hata kujaribu kwa ajili ya picha.

Tuje kwenye ngozi yako. Vidonda vyeusi magotini na vidoleni, vilivyotokea kesho yake, kwa maelezo yako vinafanana sana na kuungua kwa saruji. Naomba niliseme wazi kwa sababu wengi hawaamini kwamba kitu cha baridi kinaunguza. Saruji ikilowa inatoa chokaa kali. Kwenye kipimo ambacho maji safi yako kwenye 7, saruji mbichi iko kati ya 12 na 13, na ngozi yetu imezoea kukaa karibu na 5. Chokaa hiyo inakula ngozi taratibu, na kwa saa za mwanzo haiumi. Mtu anapiga magoti kwenye zege, suruali inalowa, anaendelea na kazi kwa furaha, jioni anavua ndipo anaona. Kumbe amekaa na dawa kali imebanwa mwilini mchana kutwa.

Kinga yake ni rahisi. Vaa buti za mvua ndefu, suruali iwe juu ya buti ili zege lisiingie ndani, glovu za mpira na si za kitambaa, maana kitambaa kikilowa kinakuwa kama bandeji ya chokaa. Usipige magoti kwenye zege bichi kamwe. Ukilazimika, weka ubao. Nguo ikilowa, ivue palepale na ujisafishe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20, usingoje mapumziko ya chakula. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Saruji ikiingia jichoni, osha jicho hivyohivyo dakika 20 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama linaonekana limepoa. Ngozi ikitoa malengelenge, ikiwa nyeusi au nyeupe isiyo na hisia, nayo ni ya hospitali siku hiyo, si ya kusubiri mrudi Dar.

Kinachonitia wasiwasi kidogo ni kule kuwasha kwa wiki mbili. Huenda lilikuwa ni jeraha linalopona. Lakini saruji nyingi zina madini ya kromiamu, na kwa baadhi ya watu ngozi inajifunza kuikataa. Ikishajifunza haisahau, na kila ukigusa hata kidogo unaanza upya. Mimi ni mhandisi, siwezi kukuambia wewe uko upande gani kwa barua. Kabla ya safari nenda kwa daktari wa ngozi, mweleze ulivyonieleza mimi, muonyeshe makovu. Akisema ni mzio, basi daftari, chupa ya mchanga na stoo vinatosha kabisa, na ukae mbali na saruji mbichi.

Mgongo nao uende ukaonwe. Tofali la inchi sita lisilo na tundu lina karibu kilo 30. Ndoo ya maji ni kilo 20. Mgongo hauumizwi na tofali moja, unaumizwa na la mia mbili, pale misuli iliyochoka inapoacha kushika na mzigo wote unaangukia pingili. Ukiinama na kujizungusha huku umebeba, unazidisha mara dufu. Kwa hiyo pangeni mstari, tofali lipite mkono kwa mkono bila mtu kutembea nalo, toroli lifike pale linapoweza kufika, karai lijazwe nusu. Lakini kama maumivu yako hushuka mguuni, au mguu hufa ganzi, usiende kubeba kitu chochote mpaka daktari akushike mgongo kwa mikono yake.

Mengine nitayataja haraka. Usipande jukwaa la mirunda, hata ukiambiwa limefungwa vizuri. Mbao za zamani zitolewe misumari kabla ya kutupwa chini, kwa sababu wengi huchomwa nyayo siku ya pili, wakiwa wameshazoea eneo. Chanjo ya pepopunda: nyinyi akina mama wengi mmeipata wakati wa ujauzito, wanaume wa kikundi wengi hawajaiona tangu utotoni. Kama imepita miaka kumi, wachomwe kabla ya kuondoka, na yeyote akichomwa msumari aende zahanati siku hiyohiyo, hata kama alichanjwa.

Muulize pia kiongozi wenu nani anawajibika mtu akiumia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka anayeendesha kazi alinde watu walio eneoni kwake, lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umewekwa kwa ajili ya waajiriwa. Mtu aliyejitolea asidhani yumo. Kata bima ya safari na ajali kwa kikundi, na kila mmoja abebe kadi yake ya matibabu. Hali kadhalika wale mafundi watano: muwaandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Kabla hata ya jembe la kwanza, kuna swali moja ambalo ningetaka jibu lake kwa maandishi: kiwanja ni cha nani? Nimeona nyumba nzuri ikiamsha ndugu wa marehemu waliokuwa wamelala miaka kumi. Mjane aliyeishi kwa amani kwenye kibanda cha nyasi, kwa sababu hakuna aliyekitamani, anajikuta anafukuzwa kwenye nyumba ya bati. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na mwanamke ana haki ya kuipata kwa jina lake mwenyewe. Kama hati haijatoka, angalau muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji uwepo, wenye jina lake na mipaka iliyoonyeshwa mbele ya majirani na mbele ya hao ndugu. Jambo hili likikwama, msijenge bado. Tofali lililokwisha kukomaa halina haraka, linaweza kusubiri mwaka.

Na mwombeni mhandisi au fundi sanifu wa Halmashauri ya Wilaya apite mara mbili: msingi ukiwa wazi kabla ya kumwagwa zege, na linta ikiwa imefungwa nondo kabla ya kufunikwa. Mvomero kuna sehemu zina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi wa kawaida hauuwezi. Hilo haliamuliwi kwa picha ya simu. Lazima mtu asimame pale, aone shimo.

Mwisho, ile siku ya kumi. Ifuteni kwenye ratiba. Siku ya kumi linta yenu itakuwa na siku mbili au tatu tu, na mbao zinazoishikilia juu ya milango zisitolewe kabla ya siku saba; mimi husubiri 14. Acheni mafundi waendelee, rudini wawili watatu baada ya mwezi na nusu, mkabidhi nyumba iliyoezekwa. Lakini siku mnayopanda basi, hakikisha umemkabidhi mtu mmoja, kwa jina, ndoo, magunia na ratiba ya kumwagilia: asubuhi, mchana na jioni, siku saba mfululizo tangu zege la mwisho. Kisima kikiwa mbali, mwachieni na hela ya mtu wa kuteka maji.